Mtoto Akikokomoa na Hakitoki Kitu: Ya Kufanya Usiku Huohuo

Nina miaka 21 kwenye uuguzi. Miaka 12 ya mwanzo nilikuwa kituo cha afya cha milimani, kule ambako masika yakichachamaa gari halipandi, na mgonjwa anateremshwa kwa machela mpaka barabara kuu. Miaka 9 hii ya karibuni niko wodi ya upasuaji wa watoto katika hospitali ya rufaa. Nimekaa pande zote mbili za gari la wagonjwa, basi: nimeandika barua za rufaa, na nimezipokea. Zile nilizoandika zamani, nikizikumbuka nyingine naona haya.

Naandika kuhusu mfuko wa chakula wa mtoto unapojisokota, na naandika kwa watu wawili. Mmoja ni mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe alizaliwa na tundu kwenye kiwambo, au kwamba kiwambo chake ni chembamba na kimepanda juu, awe amekwisha kufanyiwa upasuaji au bado. Wa pili ni nesi au tabibu aliye zamu ya usiku peke yake, taa ya sola inafifia, na mbele yake kuna mtoto ambaye hafanani na ukurasa wowote wa mwongozo ulio mezani.

Kiwambo ni ule msuli mpana kama kifuniko unaotenga kifua na tumbo. Ukivuta pumzi unashuka, ukitoa unapanda. Kwa mtoto aliye tumboni msuli huu hujifunga kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Usipojifunga vizuri hubaki tundu, mara nyingi upande wa kushoto nyuma, na utumbo, bandama au mfuko wa chakula hupenya na kuhamia kifuani. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 3,500 wanaozaliwa, na katika kila 10 kama 8 huwa na tundu upande wa kushoto. Wengi huonekana siku ileile ya kuzaliwa kwa sababu wanashindwa kupumua: pafu la upande ule halikupata nafasi ya kukua. Lakini wapo wanaopita kimyakimya. Wananyonya, wanaongezeka uzito, wanachanjwa chanjo zote, na siku moja wakiwa na miezi mitano, minane, au hata miaka miwili, mambo yanageuka ndani ya saa moja.

Kinachogeuka ndicho ninachotaka ukielewe, maana ukikielewa hutahitaji kukariri dalili. Mfuko wa chakula haukai tumboni ukielea. Umefungwa kwa kano nne: moja inaushika kwenye kiwambo, moja kwenye ini, moja kwenye bandama, na moja kwenye utumbo mpana. Kiwambo kikiwa na tundu au kimelegea, kano zile hukosa pa kushikia na nyingine hunyooka kama kamba iliyochoka. Mfuko ukijaa maziwa na hewa unaweza kujipindua. Ukishapita nusu mzunguko, fikiria kanga unayoikamua: ncha mbili zimeshikwa, katikati pamesokotwa. Mdomo wa juu unaopokea kutoka kwenye umio umefungwa, mdomo wa chini unaopeleka utumboni umefungwa. Kilichomo hakitoki, kilicho nje hakiingii. Hewa inaendelea kujaa, mishipa ya damu inabanwa, na ukuta wa mfuko unaanza kufa. Hapo tunahesabu saa chache tu.

Nilivyokosea mimi

Ilikuwa Aprili, mvua usiku kucha. Mama mmoja kijana alifika na mama mkwe wake saa nne usiku, mtoto wa miezi saba amefungwa ndani ya kanga mbili. Shikamoo, marahaba, nikauliza shida nini. Bibi ndiye aliyejibu: "Mchango, sista. Umemshika tangu magharibi." Walikwisha kumkanda tumbo kwa mafuta ya nyonyo na kumnywesha kijiko cha mizizi.

Nilifungua kadi. Mara mbili ndani ya miezi mitatu aliandikiwa nimonia na kupewa amoksilini, na mwandiko wa mara ya pili ulikuwa wangu. Nikahesabu pumzi, 58 kwa dakika. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 tunasema anapumua kwa kasi. Moyoni nikawa nimekwisha kuamua: nimonia ya tatu.

Mama yake akasema neno ambalo ningelisikiliza, msingekuwa mnasoma haya. Alisema, "Anakokomoa, sista, lakini hakitoki kitu. Mate tu." Mimi nikaelewa kwamba anatapika. Nikakoroga ORS, nikampa kwa kijiko. Kilirudi palepale, kama kilivyoingia, hakikuchanganyika na maziwa wala harufu ya tumbo. Nikampa tena. Kikarudi tena.

Halafu nikaweka stetoskopu kifuani. Upande wa kushoto sikusikia hewa. Mapigo ya moyo niliyasikia wazi zaidi upande wa kulia. Nakumbuka kabisa nilichojiambia: stetoskopu hii ya kituo imechakaa.

Gari lilipatikana saa kumi na moja alfajiri. Mtoto aliishi, nawaambia mapema msije mkasoma kwa roho juu juu. Aliishi, lakini sehemu ya mfuko wake ilikuwa imekufa na ikabidi ikatwe. Baada ya siku mbili daktari wa upasuaji alipiga simu kituoni akauliza nani aliandika barua ile. Nikasema ni mimi, nikijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alinieleza kwa muda mrefu, taratibu, kuhusu zile kano nne na ile kanga ya kukamuliwa (mfano wa kanga ni wake, mwanamume wa watu), na akaniuliza swali moja lililonihamisha kazi baadaye: "Kile kijiko cha ORS kiliporudi, kilirudi na maziwa?"

Sikiliza kinachotoka

Watoto wachanga wote hucheua. Hucheua baada ya kunyonya, hucheua wakicheka, hucheua bega zima la mgeni aliyevaa shati jeupe. Kucheua si kutapika, na kutapika si kukokomoa bila kutoa. Kwenye jambo hili tofauti hizo tatu ndizo zinazookoa.

Mfuko uliojisokota hutoa picha hii: mtoto aliyekuwa salama asubuhi anaanza kulia kilio kikali kisicho na kawaida yake, anajikunja, anajikamua kutapika, uso unaiva, na kinachotoka ni mate au povu. Wengine hutapika maziwa mwanzoni, kisha yanakoma na kukokomoa kunaendelea. Chembe ya moyo, pale chini ya mfupa wa kifua, panavimba na kuwa pagumu huku chini ya kitovu pakiwa bapa. Lakini kama mfuko wenyewe uko kifuani, tumbo linaweza lisivimbe kabisa. Linaweza hata kubonyea, kama mtumbwi uliotazama juu, kwa sababu vilivyopaswa kulijaza vimehama. Huyo ndiye anayedanganya zaidi: tumbo laini, kifua kinahangaika, na kila mtu anatazama kifua.

Mwaka 1904 daktari wa upasuaji Mjerumani, Borchardt, aliandika alama tatu ambazo mpaka leo wanafunzi wa udaktari hukaririshwa: maumivu ya ghafla ya tumbo la juu, kukokomoa bila kutapika, na mpira wa pua, yaani ule unaopitishwa puani kwenda kwenye mfuko wa chakula, usiopita kufika tumboni. Kwa mtu mzima zinasaidia sana. Kwa mtoto wa miezi minne usizisubiri zote tatu. Hawezi kukwambia panauma wapi, na mpira wa pua wakati mwingine unapita.

Rangi nayo ina neno la kusema. Nyongo humwagika kwenye utumbo baada ya mfuko wa chakula. Kwa hiyo mfuko ukijifunga, matapishi kwa kawaida hayawi ya kijani. Matapishi yakiwa ya kijani kama mchicha uliosagwa, tatizo liko mbele zaidi, utumboni, na kwa watoto hawa ni hatari vilevile: utumbo uliokulia kifuani haukupata nafasi ya kujipanga mahali pake tumboni, na ukikaa ovyo unaweza kujisokota wote. Kijani kwa mtoto mchanga ni kuondoka sasa hivi. Michirizi ya damu, au kitu kama machicha ya kahawa, pia.

Kuna sura ya tatu, ya polepole. Mfuko hujipindua nusu na kurudi wenyewe. Mtoto huyu hutapika tapika baada ya kula, anakohoa, anaandikiwa nimonia mara kwa mara, uzito kwenye kadi unapanda kisha unalala bapa. Akipakatwa wima anatulia, akilazwa chali baada ya kunyonya anasumbuka. Huyu si wa kukimbizwa usiku, lakini ni wa kupigwa picha ya kifua ndani ya juma hilo. Nimonia mbili zenye upande mmoja uleule kwa mtoto wa chini ya mwaka, mimi sasa naomba picha bila kumuuliza mtu.

Usiyafanye haya

Usimnyonyeshe. Najua ninachosema, nimezaa watatu. Mtoto analia, ziwa linavuja, na bibi anakutazama. Lakini kila tone linaloingia, kama linaingia, linaongeza uzito kwenye kanga inayokamuliwa, na kama haliingii linaweza kuteremkia mapafuni. Kamua maziwa yako kwenye kikombe safi njiani ili yasikauke na matiti yasikuumize. Mtoto atayahitaji baada ya siku chache.

Usimkande tumbo. Usimnyweshe dawa ya chango, ya dukani wala ya mizizi, wala maji ya sukari, wala ORS. Sina ugomvi na mabibi wanaokanda watoto, mchango wa kawaida ukandwe tu, ila mfuko uliojaa hewa na kukosa damu hautaki mkono juu yake. Usimning'inize kichwa chini akicheua, wala usimfunge mgongoni kwa mbeleko. Na usingoje "atakaposhindwa kabisa". Mtoto anayeshindwa kabisa huacha kulia, na nyumba nzima hufurahi kwamba amelala.

Maneno ya kusema mapokezini

Usiku, zahanati au hospitali ya wilaya, atakayekupokea huenda hajawahi kuona mtoto wa aina hii. Si kosa lake. Ukisema "mtoto anatapika na kifua kinambana" utapangwa foleni ya kuhara au ya nimonia. Sema hivi, kwa ufupi na kwa sauti:

"Mwanangu alizaliwa na tundu kwenye kiwambo, upande wa kushoto. Tangu saa mbili usiku anakokomoa na hakitoki kitu. Kila anachopewa kinarudi. Naomba apigwe picha ya kifua na tumbo sasa, na naomba daktari wa upasuaji aambiwe."

Saa aliyoanza ni muhimu kuliko maelezo yote mengine. Iandike kwenye kiganja kama huna karatasi. Ningependa pia kila mzazi wa mtoto huyu awe na ukurasa mmoja ndani ya kadi ya kliniki: upande wa tundu, tarehe ya upasuaji kama ulifanyika, kama lilifungwa kwa nyuzi tu au kwa kiraka, na hospitali iliyomfanyia. Picha ya mwisho ya kifua ipige kwa simu, uiinue dirishani kukiwa na mwanga, na umtumie mjomba au shangazi mmoja ili simu ikipotea isipotee nayo. Mama mmoja alifika kwetu na picha hiyo kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Mtoto alikuwa mezani kwa upasuaji kabla sijamaliza kujaza faili.

Kama muuguzi anasita, mkumbushe neno lililo kwenye mwongozo wake mwenyewe wa kutibu watoto: kutapika kila kitu ni dalili ya hatari. Dalili ya hatari inampa rufaa ya haraka, hata kama jina la ugonjwa halijapatikana. Nimeona hili likifungua mlango pale maelezo ya kiwambo yalipogonga mwamba. Na fedha zisikucheleweshe: kwa sera ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya serikali. Kwa mtoto mchanga kabisa, namba 115 ya mfumo wa m-mama ni ya bure na ndiyo inayotafuta usafiri wa kwenda rufaa.

Njiani mpakate, usimlaze chali. Kichwa na kifua viwe juu, na aegemee upande wenye tundu, yaani wa kushoto uwe chini, ili pafu zima la kulia libaki juu lipumue kwa nafasi. Mweke ngozi kwa ngozi na kumfunika, kwa maana mtoto aliyepoa huharibika haraka. 

Sasa wenzangu wa zamu

Hapa naongea na nesi na tabibu, mzazi ukitaka kuruka, ruka, ingawa ukisoma utajua kwa nini tunamfanyia mwanao mambo yanayoonekana ya ukatili.

Kwanza, mpira wa pua. Kwa mtoto wa miezi michache namba 8 inatosha. Pima kutoka ncha ya pua hadi sikioni, kisha mpaka katikati ya chembe ya moyo na kitovu, uweke alama kwa plasta. Pitisha polepole. Ukigonga mahali unapokataa, simama. Usisukume. Umio na mfuko uliochoka hutoboka, na kukataa kwenyewe ni habari: andika "mpira umekataa kwenye sentimita fulani" kwenye barua, daktari wa upande wa pili ataisoma kama barua ya moto. Ukipita, vuta kwa bomba la sindano, kisha uache wazi, mdomo ukining'inia chini ya usawa wa mtoto ndani ya glavu au mfuko, utoe hewa wakati wote. Kiasi kinachotoka andika. Usitie maji, usitie dawa.

Mara nyingine hewa inatoka kwa mkupuo na mtoto analala palepale. Wodi nzima inashusha pumzi. Huo ndio mtego. Umepunguza hewa, hujakunjua kanga. Mtoto huyo anakwenda rufaa usiku uleule, kama alivyokuwa anakwenda.

Pili, dripu, kwa uzito wake, na iwe na sukari ndani kwa sababu hali kitu. Oksijeni kwa vipua vidogo vya puani ni sawa. Kinachotia hofu ni kumpuliza kwa mfuko na barakoa: sehemu ya hewa unayosukuma inaingia mfuko wa chakula, unavimba ndani ya kifua, na pafu lililobaki linakandamizwa. Kama hapumui kabisa huna jingine, basi mpulize kwa upole, mpira wa pua ukiwa wazi, na umwite mwenye uwezo wa kumwekea bomba la koo.

Tatu, picha, na hili ndilo ninalowasihi zaidi wenzangu wa hospitali za wilaya zenye mashine ya eksirei. Picha ya mtoto huyu huonyesha kifua cha kushoto kimejaa weusi wa hewa, moyo umesukumwa kulia. Ukiitazama upesi utasema hewa imevuja nje ya pafu, na mkono utaanza kutafuta kisu cha kutoboa kifua. Weka kisu chini. Chunguza kama ndani ya weusi ule kuna ukuta uliopinda kama ukingo wa bakuli, au mstari ulionyooka ambapo maji yamekutana na hewa. Fuata mstari wa kiwambo cha kushoto kwa kidole: unaonekana wote, au umekatika? Weka mpira wa pua kwanza halafu piga picha. Mpira ukionekana umejikunja ndani ya kifua, juu ya mahali kiwambo kinapopaswa kuwa, umepata jibu lako bila mashine nyingine yoyote. Watoto wametobolewa mfuko wa chakula kwa bomba lililokusudiwa kutoa hewa ya kifuani. Ni kosa linalojulikana dunia nzima, limo katika vitabu, na wanaolifanya si wazembe. Wanaona weusi na mtoto anakufa, wanatenda.

Kama una stetoskopu tu: sikiliza kushoto kama hewa inaingia, sikiliza moyo unadunda wapi, na ukae sekunde 30 nyingine usikie kama kuna mngurumo wa utumbo kifuani. Na stetoskopu ikisema jambo la ajabu, usiilaumu kabla hujaijaribu kwenye kifua chako mwenyewe.

Katika barua usiandike ugonjwa ambao huna hakika nao. Neno "nimonia" nililoandika mimi lilimpeleka mtoto yule wodi ya watoto ya kawaida, na saa mbili nyingine zikapotea. Andika ulichokiona: umri, saa ilipoanza, anakokomoa bila kutoa, hewa haisikiki kushoto, moyo kulia, mpira umepita au umekataa. Kisha piga simu kabla gari halijaondoka. Muhimbili, KCMC na Bugando zina madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Mwenye simu ya mkononi ya mmoja wao aibandike ukutani.

Kinachofanyika ndani

Wazazi hukaa nje ya chumba cha upasuaji wakidhani tunafungua moyo. Mara nyingi hukatwa chini ya mbavu za kushoto, si kifuani. Vilivyohama huvutwa chini kwa upole, mfuko hukunjuliwa, kisha kunakuwa na dakika za kungoja, vitambaa vyenye maji ya chumvi ya uvuguvugu vimeuzunguka, watu wote wanatazama rangi. Ukirudi kuwa wa waridi, mtu anasema alhamdulillahi au bwana asifiwe kutegemea ni nani aliye zamu. Ukibaki mweusi, sehemu hiyo huondolewa. Tundu hufungwa kwa nyuzi zisizoyeyuka, likiwa kubwa hutiwa kiraka, na mfuko hushonewa ukuta wa tumbo ili usizunguke tena. Utumbo nao hukaguliwa jinsi ulivyokaa.

Baada ya hapo mtoto hukaa siku kadhaa na mpira wa pua, haruhusiwi kula, na mama anakonda kuliko mtoto.

Mkisharudi nyumbani

Mlishe kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza mcheulishe, umpakate wima kama nusu saa. Wengi wa watoto hawa hucheua na kupata kiungulia kwa muda mrefu hata baada ya upasuaji mzuri, hivyo usikimbie hospitali kwa kila bega lililolowa. Akilala usiku alale chali kama mtoto mwingine yeyote.

Lakini jua kwamba kushonwa si kufuta. Tundu linaweza kufunguka tena, hasa lililotiwa kiraka, maana mtoto anakua na kiraka hakikui. Makovu ya ndani nayo yanaweza kugandisha utumbo na kuuziba, miezi au hata miaka baadaye. Hivyo tarehe za kliniki usiziruke kwa sababu mtoto anaonekana mzima, na wakipiga picha ya kifua omba nakala.

Mfundishe kila anayebaki na mtoto: bibi, dada wa kazi, baadaye mwalimu wa chekechea. Usiwaeleze kano nne wala kiwambo. Waambie mambo mawili: akikokomoa na hakitoki kitu, au akitapika kijani, asipewe chochote mdomoni na nipigiwe simu wakati huohuo. Mama wa yule mtoto wa Aprili aliyaandika kwa mkaa ukutani jikoni, juu ya mafiga, na namba ya simu yangu chini yake. Mtoto sasa anasoma darasa la nne. Namba ile imeshabadilika, nimemtumia mpya.